Wengi Wape, Lakini Walioona ni Wangapi?

Neno aljebra limetokana na jina la kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu wasia na mirathi. Basi hesabu hiyo, tangu uchanga wake, imekaa jirani na haki. Nayo ina funzo kwa kila atakaye kuujua ukweli kwa vinywa vya wenziwe.

Chukuliwe mfano wa Kerege, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Mnunuzi mmoja asema nazi 3 na mananasi 2 amevipata kwa shilingi 7,000. Kauli ni ya kweli, ila haitoshi: nazi yaweza kuwa 1,000, yaweza kuwa 500, na bei ya nanasi ikafuata. Aje wa pili aseme nazi 1 na mananasi 2 ni 5,000. Kauli hii ikitolewa katika ile ya kwanza, mananasi hutoweka, zikabaki nazi 2 kwa 2,000. Nazi ni 1,000, nanasi ni 2,000. Mafumbo mawili yamedai kauli mbili.

Lakini wa pili akisema nazi 6 na mananasi 4 ni 14,000, hajaongeza kitu. Ni kauli ile ile iliyovishwa kanzu pana zaidi. Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili: utao unaorudia ukwapi kwa maneno mengine hutimiza mizani 8, na maana ikabaki nusu.

Wahenga walisema wengi wape. Je, wengi ni nani? Ardhi ya ukanda huo ina wanunuzi wengi tangu Dar es Salaam ianze kutanuka kuelekea kaskazini. Tuseme mjane anabishaniwa mpaka wa shamba lake la mikorosho. Watu 5 wanasimama na mnunuzi, na wote wameambiwa na dalali mmoja. Mjane ana shahidi 1, aliyeupanda mkorosho wa mpakani kwa mkono wake. Kwa hesabu ya vichwa, ni 5 kwa 1. Kwa hesabu ya kauli, ni 1 kwa 1, tena moja ni ya kusikia na nyingine ni ya kuona.

Na kauli zikipingana? Nazi 6 na mananasi 4 zingesemwa kuwa 13,000, pasingekuwa na bei ya kuziridhisha kauli zote mbili. Hesabu hutangaza kuwa kuna kosa; haimtaji mkosaji. Sheria ya mwaka 2002 inalipa baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe 7, watatu wao wanawake, kazi ya kusuluhisha. Lakini suluhu si kuugawa uongo na ukweli nusu kwa nusu. Kwanza kila shahidi aulizwe: wewe umejuaje?

Liko sharti jingine lililojificha. Nazi lazima iwe na bei moja kwa wanunuzi wote wawili. Muuzaji akimtoza mgeni zaidi ya jirani, jibu bado litapatikana, nalo litakuwa la uongo. Vivyo hivyo baraza linalopima neno la mjane kwa kipimo kimoja na la tajiri kwa kingine: litatoa hukumu safi, isiyo na haki ndani yake.