Ujuzi wa Fundi ni Mali ya Nani?

Ujuzi ni mali, lakini ni mali ya ajabu. Mtu akigawa shilingi zake hupungukiwa. Akigawa ujuzi wake hubaki nao wote. Hata hivyo, wako watu walio wepesi wa kutoa shilingi na wazito wa kutoa neno moja la ujuzi. Kwa nini?

Nenda Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, ukawatazame mafundi wa majahazi. Fundi aliyelelewa katika kazi hiyo huunda chombo bila ramani ya karatasi. Kipimo chake kimo katika jicho na mkono. Mwanagenzi hawezi kukisoma kitabuni; hana budi kungoja fundi apende kumwonyesha. Fundi asipopenda, hakuna sheria iwezayo kumshurutisha, kwa sababu hakuna ajuaye alichokificha. Ndivyo ilivyo pia karakanani, hospitalini na ofisini. Mwajiri hununua saa za mfanyakazi, lakini sehemu bora ya ujuzi wake hainunuliwi. Hutolewa kwa hiari.

Tuwaze mafundi wawili wa kiwanda kimoja. Wa kwanza husema "kiwanda chetu". Wa pili husema "kiwanda chao". Tofauti ya maneno ni ndogo, tofauti ya vitendo ni kubwa. Mashine iharibikapo, wa kwanza humwita kijana aje aone kasoro ilipo, maana aibu ya kiwanda ni aibu yake. Wa pili huitengeneza akiwa amewapa wenziwe mgongo. Moyoni husema: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, nikimnolea na mwenzangu chake, mimi nitakula nini?

Tusiwe na haraka ya kumlaumu. Pengine alipata kutoa shauri jema, msimamizi wake akalipeleka mbele kama lake mwenyewe. Pengine alimwona mzee wa kazi akiachishwa mara tu kijana aliyemfundisha alipoiva. Aliyefanywa mpangaji hajishughulishi na kuezeka paa. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini wako waajiri wampao mtu jembe siku ya kwanza, wakamwacha mgeni hata siku ya mwisho.

Mfano wa kweli watoka Marekani. Katika miaka ya 1980 Julian Orr, mtaalamu wa mila na maisha ya watu, alifuatana na mafundi wa kampuni ya Xerox waliotengeneza mashine za kunakili karatasi. Kampuni ilikuwa imewapa vitabu vya maelekezo. Orr aliona kwamba matatizo mengi ya mashine hayakutatuliwa na vitabu vile, na kwamba mafundi walifundishana kwa hadithi walipokutana kula na kuzungumza. Hakuna aliyewaamuru. Walijihesabu kuwa watu wa kazi moja, na hadithi ya mashine iliyoshindikana, kisha ikatengenezeka, ilimpa msimulizi heshima. Katika miaka ya 1990 kampuni ilianzisha mpango ulioitwa Eureka, wa kukusanya mashauri ya mafundi ili yawafikie wenzao walio mbali. Shauri lilipimwa na mafundi wengine, kisha likaandikwa pamoja na jina la mtoaji. Chanda chema huvikwa pete.

Lakini hata mapenzi ya kundi yana hatari yake. Neno "sisi" likiwa finyu hugeuka ua. Watu wa idara moja hufundishana wao kwa wao, wakaifungia mlango idara ya pili, ingawa wote wanamhudumia mgonjwa yule yule. "Sisi" iliyo njema daima ina nafasi ya kuongeza kiti.

Basi ujuzi wa fundi ni mali ya nani? Si wa mwajiri, kwani hakuuzaa. Wala si wa fundi peke yake, kwani naye alionyeshwa na mwingine. Ni amana. Mwajiri atakaye amana hiyo itolewe, na ampe mfanyakazi heshima, haki na jina lake. Fundi naye, hata akiwa amedhulumiwa, na akumbuke kwamba kijana asimamaye kando yake akingoja kuonyeshwa siye aliyemdhulumu. Akimfungia, adhabu humwangukia asiye na hatia. Na fundi afapo, ujuzi huzikwa pamoja naye.

Nanyi wanafunzi, msingoje mpaka mwajiriwe. Yuko mwenzenu darasani ambaye hesabu zimemshinda, nawe njia yake unaijua. Ukimwonyesha, utakuwa umelifanya darasa lile kuwa lenu nyote wawili.