Biriani Iliyogeuka Bokoboko



Leo tuzungumze juu ya sufuria na ndoa. Msicheke. Amani nyingi za nyumbani huvunjikia mezani, nami ni shahidi, kwa kuwa niliivunja ya kwetu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sisi ni watu wa bara, lakini kwa miaka mingi tumeishi Makadara, hapa kisiwani Mombasa. Ukiishi huku huwezi kuikwepa harufu ya iliki na karafuu kutoka jikoni kwa jirani. Binti yetu alipotimiza miaka kumi, mke wangu aliamua kuuacha wali wa kila mwaka, akajaribu biriani ya kuku. Alikwenda Marikiti kwa miguu, akanunua bizari nyembamba, mdalasini na pilipili manga. Alianza kukaanga vitunguu kabla hatujaenda Misa.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Aliuchemsha mchele mpaka ukaiva kabisa, ndipo akaupanga juu ya kuku na kuupalia moto. Ulipopakuliwa, punje zilikuwa zimepondeka. Nami, mbele ya ndugu zangu na watoto, nikasema kwa sauti, "Leo tumepikiwa bokoboko!" Wageni wakaangua kicheko. Mke wangu naye alicheka kidogo, akarudi jikoni, wala hakuketi nasi tena.

Sikuona ubaya wowote. Mwaka uliofuata, siku hiyo ilipokaribia, nilimsikia binti yetu akisema, "Mama, pika ugali tu. Baba asije akacheka." Maneno hayo yalinichoma. Mimi ninayewafundisha wachumba, nilikuwa nimemfundisha mtoto wangu kwamba nyumbani kwetu mwenye kujaribu huchekwa.

Tuitazame arusi ya Kana (Yn 2:1-11). Divai iliisha, na Mama Maria akauona upungufu huo. Hatusomi popote kwamba aliwatangazia wageni. Alimwambia Mwanawe, kisha akawaelekeza watumishi. Hata mkuu wa meza hakujua divai ile njema ilitoka wapi. Aibu ya wenye arusi ilisitiriwa. Je, sisi huisitiri aibu ya wenzetu, au huipakua mezani pamoja na chakula?

Kitabu cha Mithali (15:17) chatukumbusha kuwa mlo wa mboga, watu wakipendana, wapita nyama nono ya wanaochukiana. Na katika wosia wake wa mwaka 2016, Amoris Laetitia, Baba Mtakatifu Fransisko alisisitiza maneno matatu ya kutumiwa nyumbani: tafadhali, asante na samahani. Mimi nilikuwa na deni la yote matatu.

Jioni ile nilimwomba mke wangu msamaha, tena mbele ya binti yetu, kwa kuwa kosa lilitendwa mbele yake. Hakujibu upesi. Kisha akasema, "Baba, wali haukuniuma. Kilichoniuma ni wewe kucheka pamoja nao."

Tulijaribu tena. Jirani yetu, mama wa Kiislamu, alituonyesha: mchele uchujwe kiini kingali kigumu kidogo, mvuke umalizie kazi. Mimi nilimenya viazi na vitunguu, machozi yakinitoka. Wengine walidhani ni vitunguu tu.

Basi, ndugu zangu, nawashauri hivi:

Kwanza, pishi geni lijaribiwe kwa kiasi kidogo wiki moja kabla ya sherehe. Likiharibika, mtakula wenyewe.

Pili, mpatane juu ya fedha. Msikope ili kuwafurahisha wageni wa siku moja.

Tatu, mume ashike kisu au kikapu. Aliyetoa jasho jikoni hana haraka ya kudharau.

Nne, anayekula ashukuru kwanza. La kurekebisha lisemwe wawili mkiwa peke yenu.

Familia ni kanisa la nyumbani, na meza yenu mnapokula ni mahali ambapo watoto husomea upendo. Wasisomee hapo dharau.

Swali la kujadili nyumbani wiki hii: ni jambo gani mwenzako aliacha kulijaribu kwa sababu ya neno lako? Muulize kwa upole, na umsikilize mpaka mwisho.

Mungu azibariki ndoa zenu.