Lengo ni la nani?

Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa sita, wale wanaojitayarisha kwa Exetat: «Mnatafuta nini katika maisha?» Jibu ni lile lile: «Mwalimu, nataka kuwa mtu mkubwa.» Nauliza tena: «Kwa njia gani? Utaanza siku gani? Nani atakusaidia?» Hapo darasa lote linanyamaza.

Siwacheki, maana mimi pia niliishi vile. Nilipomaliza gradua kwenye ISP, nilisema: «Mwaka kesho naendelea na lisansi.» Nilisema hivyo miaka saba. Mtaa wote ulijua mpango wangu, hata wengine wakaanza kuniita Lisansiye. Jina lile lilinifurahisha, na daftari sikufungua hata moja.

Wenye kuchunguza nafsi ya binadamu wanajua ugonjwa huo. Edwin Locke na Gary Latham walionyesha katika kitabu chao cha 1990 kwamba lengo lenye kipimo wazi, tena gumu kidogo, linamsukuma mtu kuliko kumwambia tu «jikaze». Peter Gollwitzer, Mjerumani, alieleza mwaka 1999 kwamba anayejipangia «ikifika saa fulani, mahali fulani, nitafanya kitu fulani» anatimiza kuliko mwenye nia tupu. Mwaka 2009, yeye na wenzake wakaongeza hili: mtu akiisha kutangaza nia yake na watu wakaipokea, anaweza kulegea, sababu moyo wake unaona kama amekwisha kufika. Nilijitambua pale.

Lakini kuko swali ambalo hesabu hizo hazilimalizi: ile njia, mtu anaitembea peke yake?

Kwetu Warega, katika Mwenga, Shabunda na Pangi, wazee walikuwa na Bwami. Serikali ya kikoloni iliikataza mwaka 1948, lakini haikuweza kuitoa mioyoni. Bwami ilikuwa na ngazi: mwanaume alianzia chini, kama kongabulumbu, akapita ngandu, kisha yananio, na wachache walifika kindi. Hakuna aliyepanda kwa kutamani tu. Walichunguza mwenendo wake, alifundishwa mithali na maana ya vitu, na alipaswa kukusanya mali: musanga, ile feza ya makombe, pamoja na nyama na vitu vingine. Mali ile haikutoka mfukoni mwake peke yake. Ndugu, wajomba na wakwe walichanga, na siku ya sherehe iligawanywa mbele ya wote. Tena wanawake walikuwa na ngazi zao: mke wa kindi aliingia katika bunyamwa, akaheshimiwa pamoja na mumewe. Kufika kwa mmoja kulikuwa kufika kwa wengi.

Mimi nilielewa jambo hilo nyumbani. Mwaka wa nane, mama ya watoto aliniambia: «Baba, kila siku unasema. Leo sema tarehe.» Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, na pesa ile alikuwa ameiweka kwa kupanua biashara yake ya unga wa muhogo. Akanipa yote nilipe masomo. Tukapatana: kila jioni, sahani zikiisha ondolewa, meza na taa ni vyangu saa mbili. Sikulegea tena. Namna gani ningelegea, na pesa ya unga iko ndani? Nilimaliza kwa miaka miwili. Biashara yake ilibaki ile ile ndogo, na kwenye diploma kuko jina moja tu.

Mtu atasema: jamaa pia inaweza kumfunga mtoto. Ni kweli. Nimefundisha kijana aliyependa makanika, ukoo ukachanga ili awe daktari. Akaacha yote mawili. Na katika Bwami yenyewe, asiye na jamaa ya kumsaidia angefika wapi? Kwa hiyo sisemi kwamba lengo ni mali ya ukoo. Mwenye kutembea ndiye achague njia. Ila yule anayelipa aulizwe, ajue bei, akubali mwenyewe. Na matunda yakija, yarudi kwake pia, watu wakiona.

Kwa kipimo hicho, mimi nilikosa. Mama ya watoto alitoa bila mimi kuuliza atabaki na nini, na nilipopata diploma nilipokea pongezi peke yangu. Sasa tumepatana: zamu yangu ya kwanza katika likelemba ya walimu ni ya unga wake, na tarehe imeandikwa ukutani.

Na wanafunzi nawaongezea swali moja: «Lengo lako, nani atalilipia, na umekwisha kumwuliza?»