Kamba Kati ya Wawili

Barabara ya kutoka Beni kwenda Butembo hupanda na kushuka vilima kwa kilometa zaidi ya 50. Tuseme kijana asiyeona ataka kuikimbia yote, mwenzake amsaidieje? Wengi watajibu: amvute. Wema huo una hila, kwani avutwaye si mkimbiaji tena, amekuwa mzigo.

Mtazameni Henry Wanyoike wa Kenya, aliyepofuka mwaka 1995. Sheria ya mbio za vipofu yamkataza kiongozi kumvuta mwenziwe, wala asimtangulie mwishoni. Lakini huko Sydney mwaka 2000, katika mbio za meta 5,000, kiongozi alikuwa mgonjwa, nguvu zikamwishia. Asiyeona ndiye aliyemkokota mwenye macho mpaka mwisho, akapata dhahabu. Nani basi alimsaidia nani?

Kazi ya kiongozi mlimani ni kuazima macho yake: "jiwe," "mteremko," "kushoto." Mwendo ni wa mwenye mbio. Tena akichoka, na aseme mapema, mwingine aipokee kamba. Hapo ndipo wasaidizi wengi hushindwa. Huona haya kukiri uchovu mbele ya mtu waliyekuja kumhurumia.