Kujuana mtandaoni: Umemuona akifanya kazi, au umebonyeza tu?

 

Ndugu msomaji, mwaka jana, wakati wa msimu wa kahawa, nilikuwa Mbinga kwa ajili ya msiba wa jamaa yangu. Siku ya pili, baada ya swala ya Alasiri, nikiwa nimekaa barazani mwa msikiti nikisubiri usafiri, alinijia kijana mmoja na simu yake mkononi.

"Shikamoo ustaadh."

"Marahaba mwanangu."

Akajitambulisha. Amesoma uhasibu Dar es Salaam, ana miaka mitatu tangu ahitimu, na hivi sasa anamsaidia baba yake mdogo dukani. Ameomba kazi mpaka amechoka kuhesabu. Akanionyesha ukurasa wake kwenye LinkedIn, ule mtandao ambao watu huweka wasifu wao wa kazi na kuunganishwa na waajiri na watu wa fani zao. Kisha akasema lililomleta.

"Ustaadh, na wewe umo humu, nimekuona. Naomba uniandikie maneno mawili matatu tu, kwamba nilifanya kazi chini yako miaka miwili. Wewe ni mtu mzima, wakisoma wataamini."

"Lakini mwanangu, mimi na wewe hatujawahi kufanya kazi pamoja."

"Najua ustaadh. Lakini kazi siku hizi ni kujuana."

Neno hilo nililibeba ndani ya basi kutoka Mbinga hadi Songea, na kutoka Songea hadi nyumbani. Kazi ni kujuana. Tunalisema sote, misikitini, vijiweni na kwenye daladala, na kila mara tunalisema kwa kulalamika. Lakini hebu tujiulize, nani ametuambia kuwa kujuana ni jambo baya? Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 13, Allah (SW) ameitaja kujuana kuwa ndiyo hekima ya sisi kufanywa mataifa na makabila, kisha papo hapo akatufundisha kuwa aliye bora mbele Yake ni mcha Mungu zaidi, si wa ukoo fulani. Kwa hiyo kuna kujuana kwa aina mbili. Kuna kule ambako mimi nimekujua kweli, nimeona kazi yako na nimejaribu uaminifu wako. Na kuna kule ambako sijui lolote kuhusu wewe, ila baba yako ni rafiki wa baba yangu. Kiswahili chetu kimeyaita yote mawili kwa neno moja, na ndipo tulipochanganyikiwa.

Yule kijana simlaumu sana. Anayejua sehemu ile atanielewa. Kutoka Songea hadi Mbinga ni karibu kilomita 100, na ukiteremka milima ya Umatengo kwenda Mbamba Bay unaongeza zaidi ya 60. Leo kuna lami hadi ziwani, alhamdulillah, lakini sisi tuliopita pale zamani wakati wa masika tunajua tulivyokuwa tukilala njiani. Mtu wa huko akitafuta kazi Dar es Salaam alihitaji kuwa na mjomba mjini. Asiye na mjomba alibaki kulima ngoro na kuchuma kahawa, au kuvua ziwani, si kwa sababu hana akili, bali kwa sababu hakuna aliyejua kuwa yupo.

Habari kuchelewa kufika katika mwambao ule si jambo geni. Agosti 1914, vita vikuu vya kwanza vilipoanza, meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, ambapo wao walipaita Sphinxhafen. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza, Gwendolen. Walikuwa wakijuana vizuri. Lakini Mwingereza alikwisha pata habari ya vita, na Mjerumani alikuwa hajapata. Gwendolen ikaja na kuipiga meli ile ikiwa juu ya magogo yake, na Berndt akajua kuwa kuna vita baada ya kupigwa. Basi kujuana peke yake hakukumsaidia kitu, maana mwenzake ndiye aliyekuwa na habari.

Sasa hali imebadilika. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, minara ya simu ikaenea, na leo kijana aliyekaa Mbamba Bay akiwa na bando anaweza kusoma tangazo la kazi dakika ileile analolisoma kijana wa Kariakoo. LinkedIn yenyewe ilianza 2003, na Novemba 2023 ilitangaza kuwa imepita watu bilioni moja. Nafasi za serikalini nazo zinaombwa kwa mtandao, kupitia Sekretarieti ya Ajira. Kwa asiye na mjomba mjini, hii ni neema. Nawashangaa baadhi ya wazee wenzangu wanaodhani kila kijana aliyeinamia simu anapoteza muda.

Na wala kujieleza sifa zako ili upate kazi si kiburi. Nabii Yusuf (AS), kama tusomavyo katika sura yenye jina lake, aya ya 55, alijitokeza mwenyewe mbele ya mfalme wa Misri, akaomba asimamie hazina za nchi, na akataja sifa mbili zinazohusiana na kazi ile: kwamba ni mtunzaji na kwamba ana ujuzi. Hakutaja kuwa ni mwana wa Mtume, mjukuu wa Mtume, kitukuu wa Ibrahim (AS). Ingekuwa sisi, hilo lingekuwa mstari wa kwanza! Hata kumtuma mtu akutaje kwa mkubwa wake alikwisha lifanya kabla ya hapo, alipomwambia mfungwa mwenzake anayetoka gerezani amkumbuke kwa bwana wake. Yule akasahau, na Yusuf akakaa gerezani miaka mingine. Waliotuma maombi yasiyojibiwa wausome mkasa huo taratibu. Aliyesahau alikuja kukumbuka, tena siku ambayo ujuzi wa Yusuf ulihitajika hasa, na alichokikumbuka kilikuwa ni kitu alichokiona kwa macho yake kule gerezani.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa (AS), akitaja nguvu na uaminifu wake. Binti yule alijuaje? Musa alikuwa mgeni, mkimbizi, hana ndugu Madyan wala cheti. Aliwanywesheza wanyama wao kisimani, mbele ya macho yao, bila kudai ujira. Pendekezo lile lilitanguliwa na kazi iliyoonekana.

Linganisha na sisi. Tangu 2012 mtandao ule uliweka kitufe cha kumthibitishia mwenzako ujuzi wake. Unabonyeza tu, na jina lako linakaa chini ya ujuzi wake kama shahidi. Nitasema kosa langu, maana si haki kuwanasihi wengine huku nikijificha. Miaka kadhaa iliyopita mtu tuliyesali naye msikiti mmoja alinithibitishia ujuzi wangu wa mahesabu, nami kwa kulipa wema nikabonyeza vyake vyote, pamoja na ukaguzi wa hesabu, ambao sijawahi kumuona akiufanya hata siku moja. Baadaye ofisi moja ikanipigia simu. Wamemwajiri, hesabu zimevurugika, na wamenikuta miongoni mwa waliomthibitisha. Mama aliyekuwa mtunza fedha pale alisimamishwa kazi kwa upotevu ambao haukuwa wake mpaka ulipobainika. Mimi sikuandika hata neno, nilibonyeza tu. Lakini mama yule alikaa nyumbani bila mshahara, na mimi nilikuwa na fungu langu katika hilo. Surat An-Nisaa, aya ya 85, inasema wazi kuwa mwenye kuombea jema ana sehemu yake, na mwenye kuombea baya ana mzigo wake.

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (RA) alijiwa na mtu anayemshuhudia mwenzake kwa wema. Akamuuliza kama ni jirani yake wa karibu, kama amewahi kufanya naye biashara ya fedha, na kama amewahi kusafiri naye. Yote hapana. Umar akamwambia kwamba pengine amemuona tu msikitini akiinama na kuinuka, na kwamba huyo hamjui. Ndivyo nilivyokuwa mimi hasa.

Na kwa upande wa anayesifiwa, tukumbuke onyo la Surat Al-Imran, aya ya 188, juu ya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Mtume (SAW) naye, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, alimfananisha mwenye kujivisha asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Nchi hii inajua nguo hizo zikivuliwa hadharani inakuwaje. Aprili 2017, Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi wa umma 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Nyuma ya kila mmoja wao ilikuwepo familia iliyokuwa ikila mshahara huo.

Kuna na hatari ya upande wa pili, ya anayejidai kuwa mwajiri. Februari na Machi 2025, maelfu ya watu walitolewa kwenye kambi za utapeli nchini Myanmar, karibu na mpaka wa Thailand, na miongoni mwao walikuwemo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Wengi walinaswa kwa matangazo ya kazi nzuri za ofisini. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kupeleleza habari tunayoletewa. Anayekuahidi kazi kabla hajakuuliza unaweza kufanya nini, au anayetaka fedha ya usaili, au nakala ya kitambulisho chako cha taifa siku ya kwanza, mpeleleze. Dada mmoja aliwahi kuniuliza kama ni lazima aweke picha yake. Si lazima, mtandao ule haumlazimishi mtu picha.

Turudi kwa kijana wetu. Pale barazani nilikataa ombi lake, na uso wake ukabadilika. Akasema, kwa adabu lakini kwa uchungu, kwamba sisi wenye kazi ni rahisi kwetu kusema ukweli. Sikuwa na jibu. Nikamuuliza tu, katika miaka hii mitatu, mbali na duka, umefanya nini?

"Hakuna cha maana, ustaadh. Nimewaandikia vitabu chama cha ushirika cha kahawa kule kijijini, misimu miwili. Na wakina mama wa dagaa Mbamba Bay, nawawekea hesabu za kikundi chao."

Nikashtuka. Chama cha msingi kinapokea kahawa ya wakulima, kila mmoja na stakabadhi yake, kuna malipo ya awali, kuna ya pili baada ya mnada, na kahawa ikizidi kukauka ghalani uzito unapungua, kila mtu anamshuku mwenzake. Wanachama walikuwa karibu kupigana, naye ndiye aliyekaa na stakabadhi moja moja mpaka tofauti ikajulikana imetoka wapi.

"Haya mbona hayamo kwenye ukurasa wako?"

"Hayo ni mambo ya kijijini, ustaadh. Nani Dar atayataka?"

Ndugu zangu, amechukua kazi ya kweli akaifunika, akanifuata mimi nimtungie ya uongo. Na sisi wa mijini ndio tuliomfundisha hivyo, kwa namna tunavyotamka neno kijijini.

Nikaahirisha safari siku moja. Akaniletea madaftari, tukakaa nayo kutoka Adhuhuri hadi Magharibi. Nikaona kosa moja, akalikubali na kulirekebisha mbele yangu. Usiku ule nikaandika mistari mitatu: kwamba nimepitia vitabu alivyoviandika, vya chama gani na misimu mingapi, na jinsi alivyolipokea kosa alipoonyeshwa. Miaka miwili ofisini Dar haikuwemo. Yeye akaandika mengine mwenyewe, akamtaja katibu wa chama, kwa ruhusa yake, kuwa ndiye wa kuulizwa.

Kazi hajapata bado. Wiki tatu zilizopita alinipigia akiwa amechangamka. Mtu wa kampuni moja inayonunua kahawa amesoma ukurasa wake, na amemuandikia kumuuliza tofauti ile ya uzito ghalani aliigunduaje.

"Nimjibu nini, ustaadh?"

Nikamwambia, mwanangu, mimi sikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwepo.