Mwenye Nguvu Asiyeonekana

Bastola ya mjomba wangu ni fupi kuliko simu yangu. Inakaa kwenye mkoba wa ngozi upande wa kulia wa kiuno, chini ya shati ambalo huwa halichomekei, na katika miaka tisa aliyoimiliki nimeiona mara tatu tu. Ana leseni. Anaisafisha mwenyewe. Hajawahi kumpiga mtu risasi. Wengi niliowasimulia habari zake huridhika wakifika hapo: silaha ni halali, mwenyewe ni mtu mzima mwenye akili, basi. Kwangu mimi swali linaanzia hapo hapo.

Mjomba hununua asali Sikonge. Anayeijua wilaya hiyo anajua maana yake. Ni nchi ya miombo, tumbaku na mizinga ya magome, na nyuki wako porini, mbali na lami. Barabara inatoka Tabora kuelekea kusini, inapita Sikonge mjini, na ikifika Ipole inagawanyika: moja inakwenda Mpanda, nyingine inashuka Rungwa hadi Mbeya. Kuna sehemu unakwenda kilomita nyingi usione taa. Alipoanza biashara, mrina asali alitaka noti mkononi, kwa hiyo mjomba alisafiri na pesa ndani ya mfuko wa unga, juu ya pikipiki. Usiku mmoja akitoka upande wa Kitunda alisimamishwa na watu wawili, mmoja na panga, mwingine na gobori. Walichukua pesa, wakamvunja mfupa wa bega. Watu wa kijiji cha karibu walikuja na mishale yao asubuhi, wakafuata nyayo mpaka zikapotelea kwenye mchanga.

Baada ya hapo aliomba bastola. Kwetu haipatikani kama mtu anavyonunua redio. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, yakapanda polisi wilayani na kwenye kamati ya ulinzi na usalama, na kila ngazi inauliza huyu ni nani na anaogopa nini. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inaitaka serikali ijue kila silaha iko kwa nani. Ukiangalia vizuri, kuna kitu cha ajabu hapo: silaha ya kufichwa hupatikana kwa kujitangaza. Mwenyekiti anajua, mtendaji anajua, polisi wanajua. Asiyejua ni yule atakayesimama mbele ya mjomba siku yoyote ya kawaida.

Niseme kwanza upande wake, kwa sababu si upande wa mpumbavu. Thomas Hobbes, katika Leviathan ya mwaka 1651, anamjibu msomaji anayekataa kwamba binadamu huogopana kwa kumwambia ajitazame: akisafiri hubeba silaha, akilala hufunga mlango, hata ndani ya nyumba yake hufunga makasha. Mjomba hajamsoma Hobbes, lakini angemwelewa haraka kuliko sisi tuliomsomea darasani Dar es Salaam, penye kituo cha polisi cha mwendo wa dakika kumi. Kanuni ya Adhabu nayo inampa mtu haki ya kujitetea, mradi atumie nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Kwa hiyo sibishani naye juu ya kujitetea. Nabishana naye juu ya lile shati.

Silaha si ngeni katika njia ile. Katika karne ya 19 misafara ilipita Unyanyembe ikielekea Ujiji au ikirudi pwani, na bunduki zilikuwa sehemu ya safari kama shanga na vitambaa. Lakini zilikuwa begani. Msafara ukikaribia mji ulipiga risasi hewani ili wenyeji wajue nani anakuja na kwa wingi gani. Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871 alifanya hivyo hivyo. Mwaka huo huo Mirambo alikuwa ameifunga njia kwa vita yake na Waarabu wa Tabora, na rugaruga wake hawakuficha walichobeba. Sisemi ulikuwa wakati mzuri. Njia hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Nasema tu kwamba bunduki ya begani ilikuwa ni kauli. Aliyeiona aliweza kukimbia, kulipa hongo, kujadiliana, au kukaa kimya.

Haki ya kubeba silaha kwa ajili ya nafsi yako tu ilitufikia kwa njia nyingine. Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890 uliweka mipaka ya kuingiza bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa mtu anayeweza kutoa dhamana ya kutosha, na kwa msafiri mwenye hati ya serikali yake kwamba silaha ni ya kujilinda yeye binafsi. Tazama mlango huo unampitisha nani. Mgeni anayesafiri na hati yake anapita. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyembebea mzigo katika pori lile lile, mwenye shingo ile ile ya kukatwa, hana hati. Leo hakuna anayeulizwa rangi, lakini bado dhamana huandamana na mali. Mjomba alipata leseni kwa sababu ana biashara ya kuonyesha. Mama anayerudi gulioni kwa miguu na mauzo ya wiki kwenye khanga hana cha kuonyesha zaidi ya woga wake.

Sasa nije kwenye chombo chenyewe. Baada ya kidato cha sita nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, na huko nililenga shabaha kwa bunduki ndefu. Bunduki ile inakutaka ulale chini, uipachike kitako begani, utulize pumzi. Bastola ndogo ni mnyama mwingine. Mtutu wake ni mfupi, hivyo kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa shabahani. Ni nyepesi, hivyo inaruka mkononi kuliko bastola kubwa ya risasi ile ile. Mjomba anakiri kwamba siku ya mazoezi, mchana kweupe, hakuna anayemfukuza, hatua kumi tu, risasi zake zilitawanyika kwenye karatasi kama mbegu zilizomwagika. Imetengenezwa kwa ajili ya umbali wa watu wanaozungumza. Henry Deringer wa Philadelphia alitengeneza za namna hiyo, na ni moja ya hizo iliyomuua Abraham Lincoln mwaka 1865, ikifyatuliwa karibu kabisa na kichwa chake wakati anatazama mchezo. Bunduki ya mwindaji inadhani adui yuko kule. Bastola ya mfukoni inadhani yuko hapa, pengine ameshika mkono wako.

Ndiyo maana kisa kinachonisumbua hakihusu jambazi. Miaka mitatu iliyopita, mnadani, kijana mmoja alimdai mjomba pesa ya mbuzi ambayo mjomba aliamini ameshalipa. Maneno yakapanda, na yule kijana akamzaba kibao mbele za watu. Mjomba alisimama kidogo, akageuka, akaenda zake. Watu walicheka. Kwa muda mrefu aliitwa mwoga, yeye mwenye miaka hamsini na minane, na mkewe alisikia. Aliponisimulia alisema, "Mjomba, tangu niibebe hii sina ruhusa ya kugombana na mtu. Ningekuwa mikono mitupu ningemrudishia."

Namheshimu kwa siku ile kuliko kwa jambo jingine lolote. Ameelewa kanuni ambayo leseni haiandiki: anayebeba silaha iliyofichwa amejinyima haki ya hasira ndogo ndogo. Hawezi kusukumana kwenye foleni, hawezi kubaki baa sauti zikipanda, hawezi kumfuata dereva aliyemchomekea, maana kila ugomvi anaouingia unaingia na bastola ndani yake, hata kama hakukusudia.

Lakini mtazame na yule kijana. Kwa nusu dakika uhai wake ulitegemea tabia ya mtu mmoja, naye hakujulishwa. Alidhani amempiga kibao mzee mkaidi wa asali. Tuna methali inayosema mwenye nguvu mpishe, na nimekuwa nikiisikia kama ushauri wa wanyonge. Kumbe methali hiyo ina sharti: nguvu ionekane. Simpishi nisiyemwona. Shati la mjomba lilimnyima yule kijana nafasi ya kuwa na busara; busara yote ilibaki upande mmoja, na bahati yake ni kwamba upande huo ulikuwa nayo.

Nitajibiwa kwamba hiyo ndiyo faida ya kuficha: mhalifu hajui nani anayo, kwa hiyo anawaogopa wote. Inaweza kuwa kweli kwa mhalifu. Ila wasiwasi huo hauchagui. Machi 23, 2017, siku aliyoondolewa uwaziri wa habari, Nape Nnauye alikuwa anataka kuzungumza na waandishi nje ya hoteli moja Dar es Salaam, na mtu aliyevaa kiraia akachomoa bastola mbele ya kamera. Nilitazama video ile mara nyingi. Kilichonishika ni sekunde za kabla: alikuwa mmoja tu katika umati. Ukishaiona video hiyo, mashati ya wengine wote nayo yanabadilika.

Wapo watakaosema basi tukabidhi ulinzi kwa jamii, kama zamani. Sina haraka ya kusema hivyo. Sungusungu walianza huku kwetu na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wengine wakiitwa Basalama, wakiwa na mishale, filimbi na yowe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Walirudisha ng'ombe wengi. Pia walipiga watu na kuua, wakiwemo walioitwa wachawi. Ulinzi wa wengi una dhambi zake. Hata hivyo una sifa moja ambayo bastola haina: mtuhumiwa aliwaona wakija, na kila mshale ulikuwa na shahidi.

Jambo hili si la darasani tu kwangu. Mjomba hana mtoto wa kiume anayetaka asali, na mwaka huu ameniambia nikimaliza shahada ya uzamili nirudi tushirikiane. Anataka pia niombe leseni yangu mwenyewe, maana yake hairithiwi kama baiskeli. Nilimuuliza ya nini, wakati siku hizi warina asali wengi anawalipa kwa simu na mfukoni hana hata laki. Alifikiri. Akasema, "Nikiiacha nyumbani najiona kama nimetoka bila suruali."

Hapo ndipo nilipoamua. Pesa iliyoleta bastola imeondoka, bastola imebaki. Haimlindi tena dhidi ya Kitunda ya usiku ule. Inamlinda dhidi ya mtu ambaye angekuwa bila hiyo. Mimi nina miaka ishirini na sita, na sijui kama mnadani ningegeuka. Hakuna afisa anayeweza kunipima hilo, maana fomu inauliza kama nina akili timamu leo, haiulizi nitakuwa nani nikizabwa kibao. Nikamwambia asali nitakuja, leseni sitaomba.

"Kwa hiyo porini utapiga yowe?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Akanikumbusha kwamba alipiga, na watu wakaja asubuhi.

Ana haki ya kusema hivyo, na bega lake ni ushahidi. Nitasafiri mchana, nitalipa kwa simu, nitatafuta mwenzangu wa njia, na bado itabaki saa moja ambayo hayo yote hayatoshi. Saa hiyo nimekubali kuwa nayo. Ila jibu langu limeniwekea deni: anayetegemea yowe hana budi kuwa mtu anayetoka yowe la mwenzake linapopigwa, usiku ule ule, bila kungoja mapambazuko. Nikikataa bastola kisha nikalala yowe la jirani likilia, nitakuwa nimemwachia mjomba hoja yake yote.