Wasimamao Penye Kona



Msimu wa pamba unapofika, watoto wetu wa Bariadi nao hufungua biashara yao ya usafirishaji. Malori yao ni ya waya na makopo ya mafuta ya kupikia, magurudumu yamekatwa katika ndala zilizochakaa, na fimbo ndefu ndiyo usukani. Hupakia pamba kidogo iliyodondoka njiani, wakashindana hadi mwisho wa uwanja wa kanisa. Gari likivunjika halitupwi. Bodi hunyooshwa kwa jiwe, ndala nyingine huokotwa, na kesho yake limo tena mashindanoni. Tusiwafukuze kwa sababu ya kelele zao.

Huko Uingereza wako watu wazima, wengine wenye mvi, wapendao mchezo wa namna hiyo. Mwaka 1957 Bwana Fred Francis alitoa vigari vilivyoitwa Scalextric, viendavyo kwa umeme katika njia yenye mfereji mwembamba. Chini ya gari kuna kipande kidogo kiingiacho mferejini, na kandokando yake mna vyuma vyenye umeme. Gari likiwa mferejini lina nguvu. Likitoka, nguvu zote hukatika saa ile ile, hata kama mashine yake ni nzima. Vigari vile vya kale bado vina wapenzi wake. Huvifungua, hufuta kutu, hubadili mipira iliyokauka, kisha huvishindanisha tena.

Lililotuvutia zaidi ni hili. Gari likiingia kona kwa mwendo mkali hurushwa nje, likalala ubavu. Haliwezi kujirudisha. Kwa hiyo katika vyama vyao, wale ambao zamu yao ya kushindana haijafika husimama penye kona, na kazi yao ni kuliokota gari lililoanguka, liwe la rafiki au la mpinzani, na kulirudisha mferejini upesi. Hawaulizi kwanza mwenyewe alikuwa na haraka gani.

Wapenzi, kona za hapa kwetu tunazijua. Binti wa kidato cha pili hupata mimba. Kwa miaka mingi shule ilimfungia mlango. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza, kwa kinywa cha aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, kwamba wanafunzi walioacha masomo, pamoja na waliojifungua, waweza kurudi katika shule za kawaida. Mlango ukafunguliwa. Lakini ni nani atakayemfikisha binti mlangoni? Nyumbani baba anahesabu ng'ombe wa mahari aliowakosa. Sokoni watu wananong'ona apitapo. Na kanisani je? Tuseme kweli: yeye hukaa benchi la nyuma kabisa, na yule aliyempa mimba huenda anaimba kwaya.

Wengine watauliza, Je, tukimpokea hivi hatutawazoeza wadogo zake dhambi? Swali hili si la upuuzi. Mzazi anayeliuliza anawapenda binti zake. Wala sisi hatusemi kwamba dhambi si dhambi. Lakini tazameni alichokiona nabii Yeremia katika nyumba ya mfinyanzi, sura ya 18. Chombo kiliharibika mkononi mwa fundi, naye hakwenda kuchimba udongo mwingine. Alifinyanga tena ule ule. Na Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya waraka wake kwa Wagalatia, anawapa watu wa Roho kazi ya kumrudisha ndugu aliyeanguka, pasipo ukali, kila mmoja akikumbuka kwamba naye aweza kujaribiwa. Kazi hiyo hakumwachia aliyeanguka.

Shule hufunguliwa Januari. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kutulia darasani kama hakuna mikono ya kumpokea mtoto asubuhi. Kwa hiyo twahitaji bibi na mama wa kushika watoto kwa zamu, Jumatatu mpaka Ijumaa, na maziwa au uji kwa wenye nacho. Twahitaji pia baba wawili watatu watakaofuatana na mzazi mpaka kwa mkuu wa shule, maana mwenye aibu huogopa ofisi. Na ikiwa wawili hao watakuwa wanakwaya, vema zaidi. Majina yaletwe kwa mwinjilisti baada ya ibada ya asubuhi.